Kitenge Chini ya Taa ya Bluu

Uwase wangu,

Kama umeifikia barua hii, mtoto amejaza nepi. Nimeikunja na kuiweka katikati ya nepi safi makusudi, kwa sababu najua mfuko wa nguo zako hutaufungua njiani, lakini huu wa nepi utaufungua kabla gari halijafika Musanze. Mbadilishe kwanza. Halafu mpe baba yake amshike, na asijifanye amelala. Sasa soma.

Sitakuandikia namna ya kumwogesha wala namna ya kumfunga mgongoni. Hayo umeyaona, na mikono yako ni laini kuliko yangu. Naandika yale ambayo tukiyasema uso kwa uso tunagombana. Na naandika Kiswahili, ingawa hapa Nengo, Gisenyi, kila mtu anatusalimia kwa Kinyarwanda, kwa sababu Kiswahili ndicho baba yako alichokuja nacho kutoka Goma, na ndicho tulichopigiana kelele ndani ya nyumba hii miaka yote. Kwa Kinyarwanda ningekuwa mpole mno. Leo sitaki upole. Usicheke mwandiko. Wewe ndiye mwalimu wangu: ulikuwa ukirudi kutoka shule na herufi mpya, na mimi nakuuzia uji kwa hizo herufi. Huna herufi, huna uji. Shule yangu yote ni hiyo.

Saa hii ninavyoandika, wewe uko chumbani na mtoto, mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Mume wako amefika jana kuwachukua, yuko uani anakula viazi na kukubaliana na kila anayeongea. Mimi niko jikoni. Sufuria mbili za maharage zinachemka, na wewe hujui ni za nini. Harufu unaisikia, lakini unadhani ni mapenzi ya mama mkwe. Sivyo. Nimewaita watoto wa mtaa. Jioni hii wanakuja kumpa mtoto jina. Umeikataa sherehe hii tangu mtoto atoke hospitali, na kesho mnaondoka, na mjukuu wangu mpaka leo anaitwa Bebe kama mbuzi wa mtu asiyejulikana. Nimekukaidi. Ukinitolea macho jioni, utanikuta nimesimama palepale.

Lakini ngoja nianzie kwenye manjano, maana ugomvi wetu wote umetoka huko.

Ulikuja kujifungulia kwangu, kama inavyotakiwa kwa mtoto wa kwanza, na huyu bwana alitoka akilia kama mchuuzi aliyenyang'anywa beseni pale mpakani, Grande Barrière. Nikasema, huyu ni mzima. Baada ya siku mbili tatu hakulia tena hivyo. Alilala tu. Ukimpa ziwa analishika kidogo, analiacha. Ukamsogeza dirishani ukasema, "Mama, angalia macho yake." Mimi nikasema ni rangi ya pazia. Pazia letu ni jeupe, Uwase. Nilijua ni jeupe. Niliogopa tu. Wewe hukubishana, ulivaa viatu ukaondoka naye, na mimi nikakufuata na kandambili zisizofanana.

Pale hospitali walimchoma kisigino wakachukua damu kidogo, na yule muuguzi mnene mwenye sauti ya kuuza samaki akatueleza. Damu ya mtoto mchanga inavunjika na kujengwa upya. Ikivunjika inaacha rangi ya njano, na ini la mtoto bado geni kazini, haliwahi kuisafisha. Rangi ikizidi sana inaingia kwenye ubongo, na huko mtoto anaweza kubaki kiziwi, au asitawale mwili wake maisha yote. Dawa ni taa ya bluu. Mwanga ukipiga ngozi, unaigeuza ile rangi iwe kitu ambacho mwili unaweza kukitupa kwa mkojo na kwa choo.

"Kwa hiyo, Mukecuru," akaniambia, maana kwake bibi yeyote ni Mukecuru, "sisi hapa tunangoja choo tu."

Wakamvua nguo zote, wakamwachia nepi, wakamfunga macho kwa kitambaa, wakamlaza chini ya taa. Sasa, mimi nimezaliwa Bugeshi. Kule juu, karibu na volkano, ukungu unaingia ndani ya nyumba bila hodi, na mtoto anaonekana uso tu mpaka aanze kutembea. Wewe mwenyewe ulipokuwa mchanga, tumbo lako nililiona wakati wa kukuogesha, na hapo naliona mbiombio. Leo mjukuu wangu wa kwanza amelazwa uchi mbele ya watu, amezibwa macho, bluu mwili mzima kama aliyeokotwa kwenye baridi. Wewe ulikuwa umelala, umechoka. Nikavua kitenge changu cha begani, kile chenye ndege wa kijani, nikamfunika vizuri, miguu mpaka shingo. Akatulia. Nikajisifu. Muuguzi akija, nakitoa. Akienda, nakirudisha.

Wakapima damu. Manjano hayakushuka kama walivyotaka. Wakasogeza taa, wakaikagua, wakaulizana. Mimi nimekaa kwenye kiti changu nikiwaonea huruma kwamba kazi yao ni ngumu. Mpaka yule muuguzi alipoondoka, akasahau kalamu yake, akarudi ghafla.

"Mukecuru! Hii ni nini?"

"Kitenge."

"Naona ni kitenge. Kinafanya nini hapa?"

"Kinamufunika. Mutoto iko na baridi."

"Mutoto yuko ndani ya joto, weka mukono uone! Kumbe tangu jana tunatibu kitenge?" Akawageukia wenzake. "Leteni sindano, tumupime damu huyu ndege wa kijani. Pengine yeye amepona."

Wodi nzima ikacheka, mpaka yule mama wa kitanda cha pembeni aliyekuwa na mshono akashika tumbo akiomba tunyamaze. Nami nikamuuliza muuguzi, "We ukivuliwa nguo mbele ya watu, utanyamaza?" Wakacheka tena. Wewe peke yako hukucheka. Uliamka ukakaa, ukaniangalia, ukasema polepole, "Mama, umemwongezea siku."

Ulisema kweli. Alikaa chini ya taa zaidi ya vile alivyotakiwa, kwa sababu yangu. Ulikichukua kitenge ukakiweka mbali nami, na tulipofika nyumbani ukakitupa juu ya kabati, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Sikukiomba.

Lakini siku ile kilipotoka choo, Uwase! Kijani, chepesi, kingi, kimepita nepi kikafika mgongoni. Muuguzi alikishangilia kama bao la mpira. Nilipiga vigelegele mpaka watu wa korido wakauliza nani amejifungua. Hata wewe ulitabasamu, nilikuona. Ndiyo maana siwezi kuelewa unavyoiogopa sherehe hii. Wazee waliiita ubunnyano, na unajua vizuri jina hilo limetokana na nini: na kinyesi cha mtoto. Hawakuona aibu. Mtoto aliyejisaidia vizuri ni mtoto aliyekuja kukaa, na watoto wenzake wanaitwa wale, wafurahi, wamkaribishe. Ni mtoto gani Gisenyi nzima anayestahili sherehe hii kuliko huyu, ambaye tulikaa tukiomba Mungu ampe choo?

Lakini tuliporudi nyumbani, mtoto akiwa na rangi yake nzuri ya kahawa ya maziwa, wewe ulianza na simu. Ulisoma kwamba mwanga ule unaweza kuwavuruga askari wa damu, wale wanaomlinda mtoto na magonjwa. Mimi simu sijui kuisoma, lakini nilikusoma wewe. Akipiga chafya, unakaa wima. Akilala sana, unamgusa. Mama Zawadi, jirani yetu anayevuka Goma kila siku kuuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alikuja na sabuni na fanta kukupongeza, ukaongea naye dirishani kama mfungwa. Akaniuliza nje, "Ma' Uwase, tumemukosea nini?" Nikasema hakuna, amechoka tu. Nikanyamaza.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Kosa la kitenge kila mtu analijua, muuguzi analisimulia mpaka leo, na mimi mwenyewe nalicheka. Lakini lile la kunyamaza ni kubwa zaidi, na hakuna aliyenicheka. Nilikuona unafunga mlango, nikajiambia, mimi ndiye niliyemwongezea mtoto siku chini ya taa, nina mdomo gani wa kusema? Nikaona aibu, na aibu ikanifanya mpole, na upole wangu ukakuacha peke yako na simu. Ukija kukosa mbele ya mtoto wako, na utakosa, omba radhi siku hiyo hiyo, kisha endelea kuwa mama yake. Usijifiche ndani ya kosa. Yeye bado atakuhitaji kesho yake asubuhi.

Ilipopita siku ya chanjo na wewe hujavaa viatu, ndipo nilipopata mdomo wangu. Ulisema askari wake wamechoka, hatuwezi kuwaongezea kazi. Nikachukua mfuko wa mtoto, nikachukua kadi, nikasimama mlangoni. Nikasema twende tuulize, wakisema hapana nitakubeba wewe na mtoto kukurudisha. Ulikuja kwa hasira, lakini ulikuja.

Yule daktari binti, mwenye viatu vya mazoezi, nilimwambia, "Daktari, mimi ndiye yule wa kitenge."

"Habari zako nimezisikia," akasema.

"Bon. Sasa niambie. Taa yenu imewaua askari wa mjukuu wangu?"

Ulinivuta gauni, nakumbuka. Yeye hakucheka. Alivuta kiti akakaa, akakuangalia wewe, siyo mimi. Akasema wapo waliopima damu ya watoto kabla ya mwanga na baada yake. Wengine waliona chembe za kinga zimebadilika kidogo, kisha zikarudi. Wengine hawakuona tofauti ya maana. Bado watu wanachunguza. "Siwezi kukudanganya kwamba tumemaliza kujua," akasema. "Lakini manjano yakiingia kwenye ubongo, hilo tunalijua, na madhara yake hayarudi nyuma. Ndiyo maana tuliwasha taa."

"Na chanjo?" ukauliza. Sauti yako ilikuwa ndogo kama ya siku ya kwanza ya shule.

"Chanjo ndiyo inawafundisha hao askari kazi. Mtoto ananyonya, anaongezeka, ngozi ni safi. Sioni sababu ya kumchelewesha. Akipata homa kali, akikataa ziwa, mlete siku hiyo hiyo. Hilo namwambia kila mama, awe mtoto wake amepita chini ya taa au hajapita."

"Na watu wakitaka kumuona?" Hilo niliuliza mimi.

"Anayekohoa abaki kwake. Wengine wanawe mikono, waingie."

Akachomwa. Akalia ile sauti yake ya Grande Barrière, nikafurahi kuisikia. Lakini njiani ukarudia neno moja tu: "Amesema hawajui, Mama." Wewe ulisikia hilo. Mimi nilisikia mengine yote.

Nimeuza viazi vya Bugeshi kule Goma kabla hujazaliwa. Kulikuwa na wanaume wa magunia waliokuwa wanaapa kwamba gunia zima ni zuri mpaka chini. Hao ndio waliokuwa wananipa viazi vilivyooza. Na kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anasema, "Mama, hivi vya juu nimeviona, hivi vya katikati nimeviona, vya chini kabisa sijaviona." Huyo ndiye niliyenunua kwake mpaka alipoacha kazi. Daktari yule ni kama mzee yule. Alikuonyesha alichokiona, na akakuonyesha pale ambapo macho yake hayajafika. Simu yako ina watu wengi wanaoapa mpaka chini ya gunia.

Mimi pia nilikufungia ndani, ujue. Kule Bugeshi, ulipokuwa mchanga, niliogopa ukungu, nikaziba kila tundu la nyumba na matambara, na moto unawaka humo humo. Ulikohoa, nikaziba zaidi. Ulikohoa zaidi, nikaongeza kuni. Bibi yako mzaa baba alipokuja kutoka Goma kutusalimia, alifungua mlango, akakohoa, akasema, "We mutoto wa watu, unakausha nyama ao unalea?" Akakubeba akakutoa nje kwenye jua. Nilimchukia mwezi mzima. Ukaacha kukohoa, nikaendelea kumchukia, kwa sababu alikuwa sahihi. Kwa hiyo nichukie tu, nina nafasi.

Na nikuambie ukweli wa mwisho, halafu nigeuze maharage. Siyo mtoto ninayemuogopea. Yeye ananyonya kama anadaiwa. Nakuogopea wewe. Hapa ukifunga mlango, mimi niko upande wa pili nagonga na mwiko. Huko Nyagatare mnakokwenda hakuna anayekujua. Mume wako ni mtu mzuri, lakini anakubaliana na aliyesema mwisho, na ukisema tufunge, atafunga. Utakaa na mtoto mzima ndani ya chumba, ukimsubirisha ugonjwa, na wanawake watapita nje wakisema yule mgeni hataki watu. Sitaki hilo. Nilikuzaa wewe uliyekuwa unasalimia mpaka mbwa.

Nasikia geti. Ni Mama Zawadi na jeshi lake. Anapiga kelele, "Ma' Uwase! Batoto beko na njaa, na mi njaa yangu inapita ya batoto! Bebe anatoka, ao tunakula tu tunaenda?"

Na sasa nasikia mlango wako. Naacha kalamu. Mungu anisaidie.

*

Nimerudi. Vyombo vimeoshwa, na nyie mko ndani mnafunga mizigo na kucheka, kwa hiyo naandika haraka. Yaliyotokea umeyaona mwenyewe, lakini nataka uyasome kama nilivyoyaona mimi.

Ulisimama mlangoni, mtoto kifuani. Ukaangalia sufuria. Ukaangalia watoto, ambao niliwapanga mstari kwenye beseni la maji na sabuni, wananawa mpaka kwenye viwiko.

"Mama, hii ni nini?"

"Maharage."

"Naona ni maharage. Yanafanya nini hapa?"

Pembe ya mdomo wako ilicheza. Hapo nikajua. Uwase, ungeweza kunipa nyumba, nisingefurahi vile.

Lakini hukuwa mjinga, na hilo pia nililipenda. Uliuliza, "Nani anakohoa hapa?" na binti mdogo wa Mama Zawadi akanyoosha mkono mwenyewe, maskini. Hukumfukuza. Ulimpelekea sahani yake kule kwenye ukuta wa mbali, ukamwambia kutoka hapo ana ruhusa ya kupiga kelele kuliko wote. Akaitumia.

Wakalima ua wetu na vijiti vyao, kama ilivyo desturi, na mume wako akapewa kazi ya kuwa mvua inayowatoa wakulima shambani. Nilimwambia anyunyize. Yule mtu akamwaga ndoo! Watoto wakakimbia wanapiga kelele, "Mvua! Mvua!" na Mama Zawadi akalowa mpaka kwenye nywele alizozisuka jana. "Bakwe wa siku hizi!" akasema, "unamutumia maji, analeta ziwa Kivu!" Wakala. Wakanywa maziwa. Kisha majina. Mmoja akamwita Kiazi. Mmoja akamwita Jenerali. Mmoja, sijui nani alimwambia, akamwita Bluu. Na kutoka ukutani yule binti akapiga kelele, "Fanta!" Mume wako akasema yote ni mazuri.

Halafu ukasema wewe. Ulikaa kwenye mkeka, watoto wamekuzunguka magoti kwa magoti, mmoja ameshika kidole cha mguu cha mwanao na hukumwondoa mkono.

"Mimi nimemwita Ngabo."

Ngabo. Jeshi. Wewe uliyeniambia hana hata askari mmoja aliyebaki.

Mama Zawadi anasema nililia. Mwongo. Ni vitunguu. Maharage yale hayakuwa na vitunguu, lakini ni vitunguu.

Jua liliposhuka, upepo wa ziwa ukaanza kupanda kama kawaida yake, na mimi nikakaza mikono yangu mapajani isifanye ujinga. Ukaingia ndani. Nikasikia kiti kinavutwa, nikasikia kabati. Ukatoka na kitenge cha ndege wa kijani, vumbi tele, ukakikung'uta mbele ya watu wote, ukanipa.

"Mama, upepo. Mfunike."

Nikamfunika, miguu mpaka shingo. Hakuna aliyenicheka isipokuwa wewe, na ulicheka mpaka ukakaa chini.

Kitenge kiko humo humo, chini kabisa ya nepi. Nenda nacho. Najua Nyagatare kuna joto, hutahitaji kumfunika. Kitandike kizingitini, umlaze Ngabo juu yake, akilindwa na kivuli, na mlango uuache wazi ili wanaopita wamuone. Wa kwanza atakayesimama kusalimia, mwambie anawe mikono, kisha mpe mtoto amshike.

Mimi mama yako, bibi yake Ngabo, yule wa kitenge.